Utani usio na mwenyewe

 

Katika msimu wa mavuno ya mpunga, kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Ilemba alimpiga picha bibi yake mzaa mama akiwa ameketi uani, ungo mapajani, anapepeta. Bibi huyo ni mjane, macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na ulimi wake ni mwepesi wa mizaha. Kijana akaandika juu ya picha ile kwamba basi la usiku linasubiri abiria wawili tu liondoke. Akamwonesha bibi. Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga, akamjibu kuwa wajukuu hawapandi bure, nauli yao ni maradufu. Kisha kijana akaituma picha hiyo kwa binamu zake walio katika kundi la simu la ukoo.

Mimi niliipata siku ya pili yake kutoka kwa mwalimu mwenzangu. Sitaficha: nilicheka, nami nikawatumia wenzangu wawili niliosoma nao Khartoum, ambao miaka yote ya masomo hawakuchoka kuniuliza kama nilikuja Sudan kwa ndege au kwa ungo.

Baada ya wiki tatu picha ilirudi Ilemba. Ililetwa na mnunuzi wa mpunga aliyetoka Mbeya, naye aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Maneno ya kijana yalikuwa yamefutwa, ungo umezungushiwa duara jekundu, na chini yake yameandikwa maelezo marefu: kwamba kikongwe huyu amedondoka alfajiri juu ya paa la nyumba ya watu huko Sumbawanga, kwamba amekiri kuwamaliza watoto kadhaa, na kwamba kila atakayeuona ujumbe huu aufikishe kwa wengine ili jamii ijihadhari. Yule mnunuzi hakuwa na nia mbaya. Aliionesha picha dukani kama mtu aoneshavyo habari za mbali, wala hakujua kuwa mwenye picha anakaa nyumba ya nne kutoka pale alipokuwa amesimama.

Makala hii inahusu kilichotokea kati ya kwenda kwa picha ile na kurudi kwake. Nimeona niandike kwa sababu jambo hili si la Ilemba peke yake, wala halikuanza na simu.

Msomaji asiye wa mkoa huu anapaswa kwanza kufahamu habari ya ungo. Kila Mfipa aliyewahi kusafiri anaijua. Ukisema Dar es Salaam, Tanga au Unguja kwamba umetoka Sumbawanga, mwenyeji wako atajifanya anasogeza kiti nyuma, atakuuliza kama umekuja na radi zako, au ataomba umfundishe kupaa. Jina la mji wetu limekuwa kama neno la kamusi lenye maana ya uchawi. Zamani mzaha huo ulikuwa wa mdomo, barazani na ndani ya mabasi. Siku hizi una picha: ungo uliofungwa taa za gari, ungo wenye kondakta mlangoni, ungo uliowekewa namba za usajili.

Ajabu ni kwamba jina lenyewe, kwa jinsi wazee wetu wanavyolisimulia, lina maana iliyo kinyume kabisa. Wanasema kusumba ni kutupa, na uwanga ni uchawi, basi Sumbawanga ni amri kwa anayeingia: tupa uchawi wako hapa, usiingie nao. Aidha, historia inaonesha kuwa watu wa Ufipa hawakuishia kwenye jina. Mwaka 1963 na 1964 waganga wa kamchape walizunguka vijiji vya Ufipa, na watu wakatoa pembe, hirizi na vibuyu vyao hadharani, jambo ambalo mtafiti wa Kiingereza Roy Willis aliliandikia makala mwaka 1968. Mimi siungi mkono kamchape, kwani ndani yake mna ramli na tuhuma, na madhara yake tunayajua. Ninachosema ni kuwa mji uliojipa jina la kuukana uchawi umeshikwa na watu wa mbali kwa nusu ya pili ya jina lake, na nusu ya kwanza imetupwa. Walioutunga jina hawapo tena wa kuwasahihisha wasemaji. Na hata wangekuwepo, nani angewasikiliza?

Sasa tutazame utani wenyewe. Utani katika nchi yetu ulikuwa taasisi, nao ulikuwa na taratibu kali kuliko vijana wanavyodhani. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana kwa sababu ya misafara ya biashara iliyoshuka pwani. Wangoni na Wahehe walitaniana kwa sababu walipigana vita, kisha wakapatana. Mjukuu humtania bibi yake na babu yake, lakini hamtanii mama mkwe. Katika utani wa namna hiyo kila mtu alijua mambo matatu: nani anayesema, anamwambia nani, na kwa haki gani. Mtani aliyekutukana leo ndiye anayekuja kesho msibani kwako kuchimba kaburi na kukuchekesha ulie kidogo. Tusi lake lilikuwa na dhamana, na dhamana hiyo ilikuwa yeye mwenyewe.

Yule kijana wetu alikuwa ndani ya taratibu hizo. Alimtania bibi yake, uso kwa uso, naye bibi akajibu. Maana ya picha ile ilikuwa imekamilika pale pale uani. Lakini binamu yake mmoja aliiweka mahali ambapo marafiki zake wote wangeiona, na kati ya marafiki hao kulikuwa na wasiomjua bibi, na kati ya wasiomjua kulikuwa na wasiojua kuwa kuna mjukuu. Picha ilibaki ile ile na ungo ule ule. Kilichoondoka ni mjukuu, na mjukuu alipoondoka utani uliondoka naye, ikabaki picha ya kikongwe mwenye macho mekundu ameshika ungo. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuijazia maneno.

Sisi tuliosoma elimu ya Hadithi tuna msamiati wa jambo hili. Wanachuoni waligawa kila khabari katika sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mnyororo wa watu walioyapokezana. Walijua kwamba maneno mazuri yanaweza kuwa ya uongo, na kwamba maneno ya kweli yanaweza kuharibika njiani. Wakaweka majina kwa kila aina ya uharibifu. Maneno ya mpokezi yakiingia ndani ya matini yakadhaniwa ni ya asili, wakaiita mudraj. Herufi zikisomwa vibaya mpaka neno likawa jingine, wakaita tas-hif. Na mpokezi asipotajwa, ikasemwa tu "kutoka kwa mtu", wakamwita mubham, nao hawakuijengea hoja khabari yake mpaka mtu huyo ajulikane. Nilipoyasoma haya sikudhani hata siku moja kuwa nitayahitaji kwa ajili ya picha ya bibi anayepepeta mpunga.

Tangu mwaka 2018 ujumbe unaosambazwa katika WhatsApp umewekewa alama ya kuonesha kuwa umetumwa tena. Mwaka 2019 wenye mtandao huo walipunguza idadi ya watu au makundi unayoweza kuyatumia kwa mara moja hadi matano, na mwaka 2020 wakazuia ujumbe uliokwisha kuzunguka sana usitumwe zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ni hatua njema. Lakini tuizingatie ile alama: inakuambia kwamba ujumbe umepita mikononi mwa wengi, haikuambii hata mmoja wao ni nani. Ni isnadi ya mubham kutoka kwa mubham kutoka kwa mubham.

Na tusije tukadhani kuwa balaa hili ni la vijana wasiosoma au la watu wa dini nyingine. Sisi Waislamu tuna mfano wetu, na umri wake unapita karne. Nikiwa mtoto nililetewa karatasi ya fotokopi iliyofifia, nikaambiwa niinakili kwa mkono mara nyingi niwezavyo. Ulikuwa ule unaoitwa wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, anayedaiwa kumwona Mtume na kupewa ujumbe kwa umma. Nilinakili kwa hofu, kwa sababu karatasi iliahidi utajiri kwa atakayeandika na msiba kwa atakayepuuza. Baadaye niliupokea wasia huo huo kwa ujumbe mfupi wa simu, na baadaye tena kwa WhatsApp, ukiwa na mapambo ya waridi.

Wasia huo ulikuwa ukizunguka Indonesia karne ya kumi na tisa, na Mholanzi Snouck Hurgronje aliuandikia makala mwaka 1884. Mwaka 1908 ulizagaa hapa kwetu, enzi za Wajerumani, hususan upande wa Lindi na pwani ya kusini. Fikiria hali ya wakati ule: Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, nchi ya kusini imejaa makaburi na njaa, na watawala wanaogopa kila mkusanyiko. Karatasi iliyohimiza watu warejee kwenye sala kwa kuwa Kiyama kimekaribia, mtawala aliisoma kuwa ni tangazo la maasi. Wakaiita "Barua ya Makka", ingawa karatasi yenyewe ilimtaja mlinzi wa Madina, nayo ikawa jambo la polisi na la majalada ya serikali. Kwa mnyonge wa Lindi yalikuwa mawaidha na labda matumaini, kwa ofisa wa Kijerumani ulikuwa moto unaotaka kuwaka, na kwangu mimi mtoto ilikuwa hirizi ya kuzuia msiba. Yule aliyeiandika mara ya kwanza, kama alikuwa mtu mmoja, hakukusudia huenda hata moja kati ya hayo matatu.

Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, aliandika risala ya kuupinga wasia huo. Wengi wanaikumbuka kwa hukumu yake ya kuwa ni uzushi. Mimi nilivutwa na jambo jingine ndani yake. Sheikh aliuangalia kama anavyoangalia mhakiki wa Hadithi: akaeleza kuwa ameusikia mara nyingi kwa miaka mingi, na kwamba maneno yake hayafanani. Katika nakala za nyuma mtungaji alidai kumwona Mtume (s.a.w.) usingizini. Katika nakala iliyomfikia mwisho, mtungaji alidai kumwona alipokuwa akijiandaa kulala, yaani akiwa macho. Madai yamekua njiani, pasi na mtu wa kuulizwa ni nani aliyeyakuza. Kisha Sheikh akafanya kitu chepesi ambacho mamilioni ya wanakili hawakukifanya: akawauliza jamaa wa huyo Sheikh Ahmad. Akajibiwa kuwa amezuliwa, hakusema maneno hayo kamwe, na alikwisha kufariki zamani.

Jirani zetu wa Uganda nao wana la kusimulia. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa filamu ya mapigano iitwayo "Who Killed Captain Alex?", iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, bunduki za mbao na vyuma chakavu, waigizaji wakiwa majirani zake. Ni filamu iliyojicheka yenyewe, na iliwafurahisha Waganda kwanza. Wazungu vijana wapenzi wa michezo ya kompyuta wakaipenda, wakaanza kurudia maneno yake. Kufikia Januari 2018 mzaha huo ulikuwa umeunganishwa na katuni ya kiumbe mwekundu kutoka mchezo mwingine kabisa, na makundi ya watu yakawa yanavamia wengine katika mchezo wa mtandaoni yakipiga ndimi na kuigiza lafudhi ya Mwafrika ili kumdhihaki. Hata aliyetengeneza umbo lile kwa kompyuta aliwaomba watu wasilitumie kuwasumbua wenzao. Wakati anaomba, umbo lilikuwa limekwisha kuwa la kila mtu. Kicheko cha Wakaliga kiliondoka Wakaliga kikiwa chao, kikawarudia kikiwa juu yao.

Nimesikia pingamizi, na pingamizi lenyewe limetoka kwa mwalimu mwenzangu ninayemheshimu. Anasema: nyie watu wa madrasa mnataka kuharamisha hata kucheka. Dunia nzima inataniana, Wachaga wanaitwa wapenda fedha, Wapare wanaitwa wabahili, hakuna aliyekufa. Mjibu wangu una sehemu mbili. Kwanza, kucheka hakujaharamishwa, na Mtume (s.a.w.) alifanya mizaha na Maswahaba zake huku akisema kweli tupu. Suratul-Hujurat, katika aya yake ya kumi na moja, haikukataza kicheko. Imekataza kaumu kuidharau kaumu nyingine na watu kuitana kwa majina mabaya, na aya ya sita kabla yake imeamrisha kuhakikisha khabari kabla watu hawajadhurika kwa ujinga wetu. Zimo katika sura moja, na sidhani kuwa ni kwa bahati.

Pili, si kweli kwamba hakuna aliyekufa. Mpare akiitwa bahili hapotezi ila nauli ya daladala anayokataa kumlipia mwenzake. Kikongwe akiitwa mchawi ni jambo jingine. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa miongo mingi, na macho mekundu, yaani moshi wa kuni na wa samadi, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Katika mkoa wetu huu wa Rukwa, mwaka 2013 na tena mwaka 2015, watu wenye ualbino walikatwa viungo, mmoja wao akiwa mtoto mdogo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake uchawi kinyume na taratibu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani mwenye kusambaza uongo. Lakini sheria inatafuta mtu wa kumshika, na katika picha ya bibi yetu tungemshika nani? Mtu pekee anayejulikana kwa yakini ni mjukuu, naye ndiye pekee ambaye hakusema uongo.

Sisi hatukanushi kuwepo kwa sihiri, na kitabu chetu kimeitaja. Tunachokataa ni mtu kuhukumiwa kwa ungo.

Baada ya picha kurudi, watoto waliokuwa wakienda kwa bibi kuomba kaa la moto waliacha kwenda. Hakuna aliyemtukana. Jirani mmoja alirudisha kinu alichoazima, akakiacha mlangoni bila kubisha hodi. Usiku mmoja jiwe lilianguka juu ya bati. Walimu wa madrasa tulikaa kikao, na mmoja wetu akataka kijana achapwe mbele ya wenzake. Nilipinga, na katika kupinga nikalazimika kusema mbele ya kikao kwamba mimi pia niliituma. Ikadhihirika kuwa kati ya sisi watano, watatu tuliituma, na mmoja wetu aliituma Tunduma, kwa mtu mwenye makundi mengi. Hatukuendelea na habari ya viboko.

Tulichofanya ni hiki. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na siku ya Ijumaa tukaeleza msikitini habari ya picha tangu uani, na kwa kuwa sisi ni wachache hapa tukamwomba katekista naye awaeleze watu wake Jumapili, akakubali bila maneno mengi. Kila mmoja wetu alimwandikia yule aliyemtumia, akamwomba naye amwandikie aliyemtumia yeye. Hapo ndipo tulipoona isnadi inavyokatika: hatua ya kwanza watu wote walijibu, hatua ya pili wakajibu wachache, hatua ya tatu hakuna aliyekumbuka alikoipeleka. Kijana aliifuta picha katika simu yake, akaja kuniuliza kama sasa imekwisha. Nilishindwa kumjibu. Ndani ya kijiji watu walielewa, au walisema wameelewa, na wale watoto wamerudi kuomba moto, isipokuwa wa nyumba mbili.

Nje ya kijiji hatukuweza lolote. Mwezi uliopita mmoja wa wale wenzangu wa Khartoum alinitumia picha ile kwa nia njema, akiuliza kama naifahamu. Sasa kikongwe ni wa Malawi, na inasemwa kuwa ameanguka katika uwanja wa mpira. Nilimwandikia kuwa ni yule yule, na kwamba wa kwanza kumtumia nilikuwa mimi. Hakuwa anakumbuka.

Bibi hakuwahi kuiona picha ilivyorudi, aliambiwa tu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mjukuu wake ataadhibiwa, akaambiwa hapana. Mpunga wa mwaka huu anaupepetea ndani, mlango ukiwa umefunguliwa kidogo ili apate mwanga.